Kata Shauri Ungali Pwani
Mwongozo wa usalama kazini kwa wavuvi, wazamiaji na manahodha wa Mkokoni

Alfajiri Mkokoni, maji yakianza kupwa, kila mtu ana haraka. Mmoja amebeba dumu la petroli, mwingine nyavu, kijana wa kuzamia kamba mawe ana miwani ya maji shingoni. Upepo umeanza mapema kuliko jana. Kila mmoja ameusikia, na hakuna aliyeutaja. Mabaharia wanamtazama nahodha, nahodha anawatazama mabaharia, na kila mtu akimwona mwenziwe kanyamaza huamini kwamba mambo ni shwari. Chombo kinang'oa nanga kikiwa na shaka tano zilizofichwa katika vifua vitano.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo za ufuoni. Haukufundishi kushika usukani wala kusoma nyota. Hayo umeyarithi kwa wazee wako. Unakusaidia kuona jinsi watu wenye ustadi na akili timamu wanavyojikuta hatarini kwa pamoja, na unakupa taratibu za kuzuia hilo kabla hamjaondoka.

Bahari ni mahali pa kazi, sawa na kiwanda au bandari, ila ni mahali panapoua zaidi. Taasisi ya FISH Safety Foundation ilikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu 100,000 hufa kila mwaka duniani katika kazi za uvuvi. Na aliyeumia Mkokoni yuko mbali: hospitali kubwa iko Lamu mjini, safari ndefu ya boti. Huku kwetu kinga ni nusu ya matibabu.

Namna ya kuutumia
- Mabaharia na wazamiaji: someni sehemu ya 1, 2, 4 na 5.
- Manahodha na wenye vyombo: someni yote, hasa sehemu ya 3 na 6.
- Viongozi wa BMU (kamati ya usimamizi wa ufuo): usomeni kwa sauti katika mkutano, sehemu moja kila mara, kisha mjadiliane.

## 1. Kwanza elewa: kwa nini mjuzi huingia hatarini

Mambo matano huwasukuma watu. Ukiyajua kwa majina, utayatambua yanapokujia.

Mazoea. Umetoka bila jaketi mara mia, ukarudi mara mia. Moyo unazihesabu safari hizo kuwa ushahidi kwamba jaketi halihitajiki. Zinachoonyesha ni kwamba chombo hakikupinduka siku hizo. Hazisemi lolote juu ya siku kitakapopinduka. Kosa hili huwapata hata wasomi wakubwa. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilipasuka sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 waliokuwamo wakafa. Mwanasosholojia Diane Vaughan alipochunguza, aligundua kwamba wahandisi walikuwa wameona kwa miaka mipira ya kuziba maungio ya roketi ikiharibiwa na moto. Kwa kuwa kila safari ilirudi salama, kasoro ilizoeleka hadi ikahesabiwa kuwa kawaida. Ukisikia mtu akisema, "Ubao huu unavuja tangu mwaka juzi na hatujazama," kumbuka Challenger.

Ustadi. Mtu akishika jambo kwa mkono wake mwenyewe hujiona analitawala. Mwanasaikolojia Ellen Langer alilionyesha hili mwaka 1975: watu huamini wana uwezo hata juu ya mambo ya bahati tupu, mradi wamepewa nafasi ya kuchagua wenyewe. Usukani mkononi hutuliza moyo kuliko unavyotuliza mawimbi. Tena mjuzi hufika pale mgeni asipothubutu: mlango wenye mawimbi yanayovunjika, pango refu la kamba. Ustadi wake ni wa kweli, lakini nao ndio unaomfikisha karibu na hatari mara nyingi zaidi.

Macho ya wenzako. Mwaka 1968 wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley waliwaketisha watu katika chumba, wajaze karatasi, kisha wakaingiza moshi polepole. Waliokuwa peke yao, 75 katika kila 100 walitoka kutoa habari. Waliowekwa pamoja na watu wawili walioagizwa wasijali, walitoka 10 tu katika kila 100. Macho yaliwasha, wakakohoa, wakaendelea kuandika. Ndiyo hali ya pale ufuoni: kimya cha wenzako unakidhani ni utulivu, nao wanakidhani chako ni utulivu. Juu yake iko aibu. Kijana anaona ni afadhali alowe kuliko aitwe mwoga mbele ya rika lake.

Hofu isiyolingana na hatari. Septemba 2011 hoteli ya Kiwayu, mwendo mfupi kutoka Mkokoni, ilivamiwa. Mgeni mmoja akauawa na mkewe akatekwa. Tangu hapo watu wetu wameishi na vizuizi, misafara na marufuku ya kuvua usiku iliyodumu miaka. Hofu hiyo ina haki yake. Lakini Paul Slovic, aliyechunguza hofu za watu kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1987 kwamba binadamu huogopa zaidi lile la kutisha, lisilozoeleka, lisilo mikononi mwake, na lile linaloua wengi kwa mara moja. Linaloua mmoja mmoja, kwa njia ya kila siku, halimshtui. Agosti 2017 boti iliyokuwa ikisafiri kati ya Kizingitini na Lamu ilizama, na watu zaidi ya kumi, wengi wao wa jamaa moja, wakafa; msiba huo tunaukumbuka. Mzamiaji aliyezimia peke yake kwenye mwamba, tutamkumbuka mwaka gani? Pima hatari kwa mara unazokutana nayo. Ukiipima kwa kelele zake, utalinda mlango mmoja na kuacha mwingine wazi.

Kudra ieleweke vyema. "Ajali haina kinga" husemwa msibani ili kumfariji mfiwa, na hapo ina mahali pake. Ikihamishwa ufuoni kabla ya safari, inageuka kuwa ruhusa ya kutofanya lolote. Dini haikutufundisha hivyo. Imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alimwelekeza bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Kukagua chombo ni kufunga ngamia, na dua hufuata.

## 2. Semi za pwani na ukweli wake

Husemwa: "Mwana wa bahari hahitaji jaketi."
Ukweli: Kuogelea kunamfaa aliye na fahamu na viungo vizima. Foromali ikikupiga kichwani, au mguu ukinasa katika kamba, ustadi wako unakatika papo hapo. Jaketi humshika juu hata asiyejitambua.
Fanya: Livae kabla ya kung'oa nanga, ulifunge vifungo vyote. Jaketi lililolaliwa na nyavu halimsaidii mtu chombo kinapopinduka.

Husemwa: "Ukivaa jaketi unaita balaa," au, "Utakuwa mzembe."
Ukweli: Neno kama hili lilisemwa pia juu ya mikanda ya magari. Mwaka 1975 mwanauchumi Sam Peltzman alidai kwamba dereva aliyefungwa mkanda huongeza mbio, na faida yote ikapotea. Mjadala ulikuwa mrefu, lakini mikanda imeendelea kuokoa watu wengi. Kuna chembe ya ukweli katika dai hilo: kinga isikufanye uende mahali ambapo bila kinga usingekwenda.
Fanya: Amueni kwanza kama bahari inatokeka. Mkishaamua, ndipo mvae.

Husemwa: "Anayezama atapiga kelele."
Ukweli: Mara nyingi hawezi. Mdomo unaingia na kutoka majini, pumzi haitoshi kuita, na mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga. Kwa mbali anaonekana kama anacheza.
Fanya: Mtu akinyamaza majini, muite kwa jina. Asipojibu, nenda.

Husemwa: "Mning'inize kichwa chini, maji yatoke."
Ukweli: Anachokosa ni hewa. Kumning'iniza kunapoteza dakika na kunaweza kuyaingiza matapishi katika mapafu.
Fanya: Mlaze chali mahali pagumu, umpe pumzi. Utaratibu wote uko katika sehemu ya 4.

Husemwa: "Amekohoa, amekaa, amepona."
Ukweli: Aliyevuta maji mapafuni anaweza kuzidiwa baada ya saa kadhaa.
Fanya: Mpeleke zahanati hata akikataa. Usimwache alale peke yake.

Husemwa: "Mzamiaji aliyezimia kapatwa na jini."
Ukweli: Kuzimia chini ya maji kuna sababu inayoeleweka na kuzuilika. Lawama ikipewa jini, kesho mwenzake atazamia vilevile.
Fanya: Soma sehemu ya 4 kwa makini.

## 3. Kikao cha ufuoni: dakika tano, hatua nane

Kwa nini kikao? Kwa sababu kukata shauri katikati ya mlango wa mawimbi ni kuchelewa. Huko nahodha ana gharama ya petroli kichwani, mabaharia wana aibu, na kila mtu ana haraka. Ufuoni akili imetulia na kurudi nyumbani hakugharimu kitu. Mpaka uliowekwa hapo mapema humwondolea kila mmoja mzigo wa kuwa shujaa baadaye.

1. Simameni duara, injini imezimwa. Wote, pamoja na mdogo kabisa. Anayepakia vitu aache kwanza.
2. Semeni hali ya hewa kwa sauti. Upepo unatoka wapi na umebadilika vipi tangu jana? Maji ni bamvua au maji mafu, na yatapwa saa ngapi mlangoni? Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, bahari ya nje ya mwamba ni chafu. Kaskazi ya Desemba hadi Machi ina utulivu zaidi, lakini nayo ina siku zake. Sikilizeni tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya redioni au kwa simu, kisha zilinganisheni na yale yanayoonwa na macho ya wazee.
3. Aanze mdogo, amalizie nahodha. Kila mtu aseme neno moja: "twende," "tungoje," au "sijui." Nahodha akisema kwanza, wengine wataitikia tu. Majaribio ya Solomon Asch miaka ya 1950 yalionyesha kwamba watu wengi, angalau mara moja, hukubali jibu wanaloliona wazi kuwa si sahihi mradi kundi zima limelitoa. Lakini akipatikana mwenzi mmoja tu anayesema kweli, wengi hupata nguvu ya kusimama. "Sijui" moja ya kijana inaweza kumfungua kinywa mtu mzima.
4. Wekeni mpaka wa kurudi, kwa maneno yanayoonekana kwa macho. "Tukiwa waangalifu" hakumzuii mtu. Semeni: "Mawimbi yakivunjika mlango mzima, hatupiti." "Jua likifika pale, tunageuza, tumepata au hatukupata."
5. Gawanyeni petroli mafungu matatu. Fungu moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba. Akiba haiguswi kwa kufukuzia samaki.
6. Kagueni chombo kwa kugusa. Mbao, shikio, mlingoti, kamba za tanga, kifuniko cha petroli, chombo cha kufulia maji. Mmoja ataje, mwingine aguse. Macho peke yake huona kile yanachotarajia kuona.
7. Vaeni majaketi, hesabuni watu. Watu 5, majaketi 5. Yakiwa 4, waende watu 4.
8. Acheni habari nyuma. Mwambieni mtu wa pwani, au BMU, mnakokwenda, idadi yenu na saa ya kurudi. Kubalianeni pia: ikipita saa gani bila habari, atafute msaada.

Tahadhari
- Usijaze petroli injini ikiwa ya moto au mtu akivuta sigara. Mvuke wa petroli hutambaa chini ndani ya chombo usiuone.
- Usifyonze petroli kwa mdomo. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.
- Chombo kikipinduka, bakini nacho. Mashua ya mbao aghalabu huelea hata ikijaa maji, na huonekana mbali kuliko kichwa cha mtu. Wengi wanaoamua kuogelea hadi pwani hawafiki.
- Mwenzako akianguka, usimrukie mikono mitupu. Mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, au kamba.

## 4. Kwa mzamiaji wa kamba mawe

Kazi hii ni fahari ya Mkokoni: kuvuta pumzi, kushuka hadi kwenye mwamba, kumtisha kamba kwa pweza aliyefungwa kijitini mpaka atoke pangoni. Ni kazi ya ujuzi mkubwa, na ina hatari moja inayojificha kuliko papa na taa.

Kwa nini mtu huzimia? Kinachokusukuma kurudi juu ni hewa chafu iliyojaa damuni, ile kaboni dayoksaidi. Kupungua kwa oksijeni peke yake hukuonya kidogo sana. Ukivuta pumzi nyingi za haraka kabla ya kushuka, huongezi oksijeni kwa kiasi cha maana. Unachofanya ni kufukuza hewa chafu, yaani unamnyamazisha mlinzi anayepiga kelele. Ukiwa mita 10, mgandamizo wa maji ni mara mbili ya ule wa juu, nao huisukuma oksijeni kidogo iliyobaki iendelee kuingia damuni. Unapopanda, mgandamizo unashuka na nguvu hiyo inapungua kwa nusu. Ubongo unazimika karibu na uso wa maji, au sekunde chache baada ya kuibuka, bila maumivu wala onyo. Ndiyo maana wenzake mzamiaji husema, "Alikuwa anarudi vizuri tu."

Hatua za kuzamia
1. Wawili wawili, kwa zamu. Mmoja chini, mmoja juu akitazama. Wakishuka wote wawili, hapana mlinzi.
2. Pumua kawaida kabla ya kushuka. Ukihisi kizunguzungu au ganzi vidoleni, umevuta kupita kiasi. Pumzika.
3. Pumzika juu angalau mara mbili ya muda uliokaa chini. Umekaa dakika 1, pumzika dakika 2 au zaidi.
4. Funga uzito kwa fundo linalofunguka kwa mkono mmoja. Ukihisi vibaya, uache uende. Chuma hununuliwa.
5. Usiingize kiwiliwili pangoni. Kamba aliyejificha ndani sana ni wa kesho.
6. Mtazame mwenzako sekunde 30 baada ya kuibuka. Muulize, "U hali gani?" Akijibu kwa maneno yanayoeleweka, ni mzima.
7. Acha ukiwa bado una nguvu. Mzamo wa mwisho, ule wa "mmoja tu nijazie kapu," hufanywa na mwili uliochoka na akili inayohesabu pesa.

Mwenzako akizimia
1. Mwibushe, mvue miwani, mweke uso juu ya maji. Muite kwa jina, mpulizie usoni.
2. Asipopumua, mpulizie pumzi 5 mdomoni ukimziba pua, kisha mpeleke chomboni mara moja.
3. Bado hapumui? Mlaze chali pahali pagumu. Kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu mara 30, kina cha sentimita 5 hivi, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Rudia bila kukoma, mkipokezana.
4. Akizinduka, mlaze ubavu, mfunike, mkimbizeni zahanati.

Tahadhari kuhusu mitungi ya hewa. Mwenye kupumua hewa ya mtungi chini ya maji ana hatari nyingine: akipanda upesi, hewa iliyoyeyuka mwilini hutoka kama mapovu ya soda na kumpooza viungo. Bila mafunzo usikubali mtungi, hata ukiahidiwa fedha nyingi. Tena sheria za uvuvi haziruhusu.

## 5. Namna ya kusema, na namna ya kusikia

Je, maneno ya mtu mdogo yanabadilisha kitu? Jibu liko barabarani hapa Kenya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika vibandiko ndani ya matatu za safari ndefu, vikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayekwenda ovyo. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011, madai ya bima ya ajali yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. La pili, mwaka 2015, lilihusu magari kama 12,000, na madai yalipungua kwa robo hadi theluthi. Ndiyo ile kampeni ya Zusha. Hakuongezwa polisi wala breki mpya. Abiria walipewa ruhusa ya kusema, na kujua kwamba wengine nao wamepewa.

Chombo chenu nacho kinahitaji ruhusa hiyo. Nahodha ndiye mwenye kuitoa, nayo haimpunguzii heshima, humwongezea macho.

Nahodha, sema hivi kabla ya kila safari: "Mwenye kuona jambo aniambie. Mimi macho yangu ni mawili."

Baharia, tumia ngazi tatu:
1. *Eleza unachokiona.* "Ami, naona maji yanaingia upande wa joshi kuliko asubuhi."
2. *Taja hofu yako na pendekezo lako.* "Naogopa hatutayamaliza kuyafua. Tugeuze, ami, maji yangali yanaturuhusu."
3. *Rejea mpaka mliouweka.* "Tulisema pwani, mawimbi yakivunjika mlango mzima hatupiti. Yanavunjika."

Ngazi ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi. Hapo hubishani na mtu mzima; unamkumbusha neno lake mwenyewe, na adabu inabaki salama.

Nahodha, ukiambiwa: mshukuru kwanza, ndipo upime neno lake. Hata akiwa amekosea, usimcheke. Kicheko kimoja hufunga vinywa vya chombo kizima kwa msimu mzima.

## 6. Baada ya tukio: tafuta chanzo kabla ya mkosaji

Mwaka 1931 Herbert Heinrich, mtu wa bima wa Marekani, aliandika kwamba ajali 88 katika kila 100 kazini hutokana na vitendo vya hatari vya wafanyakazi wenyewe. Hesabu hiyo imerudiwa karibu miaka mia. Ilitoka katika taarifa za bima, ambazo nyingi ziliandikwa na wasimamizi, na msimamizi si mwepesi wa kujishtaki. Hata hivyo neno moja katika kazi yake linafaa: nyuma ya ajali kubwa huwa kuna matukio madogo mengi yaliyopita bila madhara. Yakusanyeni hayo.

Tukio la "tulinusurika" likitokea, fanyeni hivi kabla ya siku tatu kupita:
1. Kaeni wote, chombo kizima. Semeni mwanzo: hapa hatulaumu mtu.
2. Kila mmoja aeleze alichoona na alichodhani wakati huo. Usiseme "ungejua", hakujua.
3. Ulizeni: kitu gani kilifanya kosa hilo lionekane jambo la busara? Deni la petroli? Bei ya kamba siku hiyo? Jaketi chache?
4. Badilisheni kitu kimoja kinachoshikika.
5. Pelekeni habari kwa BMU, ili vyombo vingine visilipe ada ya somo hilohilo.

Haki zako ukiwa umeajiriwa (kwenye chombo cha mtu, hotelini, bandarini au ujenzini)
- Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inakutaka umwarifu msimamizi ukiona hatari kubwa iliyo karibu, na mwajiri hapaswi kukulazimisha urudi pale kabla ya kuiondoa.
- Mahali pa kazi penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama.
- Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa mwajiri wajibu wa kulipia matibabu na fidia. Mwarifu mapema uwezavyo. Naye ana siku 7 kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai lako lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita.
- Andika tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia siku ileile. Kumbukumbu ya kichwani hufifia.

## Makosa ya kawaida

- Kununua majaketi kwa ajili ya ukaguzi, kisha kuyafungia chumbani.
- Kufanya kikao siku ya upepo tu. Kifanyeni kila siku, kiwe desturi. Siku ya upepo kitakuwa tayari.
- Kusogeza mpaka mkiwa baharini: "Leo tu." Leo ndiyo mliyoiwekea mpaka.
- Kumpa mtoto au mgeni jaketi na wakubwa kubaki bila. Mtoto hujifunza kwamba ukubwa ni kuacha kuvaa.
- Kuwatisha vijana kwa hadithi za maiti bila kuwapa la kufanya. Hofu isiyo na njia huishia katika mzaha.

## Orodha ya ukaguzi: isome kwa sauti, mwingine ajibu

☐ Upepo na maji vimetajwa
☐ Kila mtu amesema neno lake, mdogo kwanza
☐ Mpaka wa kurudi umewekwa
☐ Petroli mafungu matatu
☐ Mbao, shikio na kamba vimeguswa
☐ Chombo cha kufulia maji kipo
☐ Dumu tupu la kuelea na kamba ya kurushia
☐ Simu imefungwa ndani ya plastiki, imejaa chaji. Namba za BMU na Walinzi wa Pwani zimeandikwa, pamoja na 999 na 112
☐ Maji ya kunywa, tochi
☐ Majaketi yamevaliwa na kufungwa
☐ Wazamiaji wamepangwa wawili wawili
☐ Mtu wa pwani anajua saa ya kurudi

Ichoreni orodha hii kwenye ubao ndani ya chombo, kwa rangi isiyotoka majini. Anzeni kesho kwa hatua moja tu: simameni duara, injini imezimwa, na mdogo aseme kwanza. Mkisikia "sijui" ikitoka kinywani mwake na hakuna aliyemcheka, mtakuwa mmepata kitu ambacho jaketi na injini mpya haviwezi kuwapa: chombo ambacho kila shaka ndani yake hutajwa ingali pwani.